Kungoja Mbuzi Washuke

Katika soko la mbuzi la Nuu hakuna broka aliyewahi kumlalia Kanyiva bei. Tangu aanze kupika chai pale ukingoni mwa soko wamekuja mabroka wa kila aina, wenye kofia na wasio na kofia, na wote wamerudi kwao wakijikuna vichwa. Mmoja tu ndiye aliyemweza. Huyo alimwonyesha zizi limejaa ng'ombe akamwambia ni wake, na Kanyiva akaolewa bila kuuliza zaidi. Ng'ombe walikuwa wa mjomba.

Basi Kanyiva akijisifu kuhusu bei, msikilize, lakini swali la pili uulize mwenyewe.

Taabu ya mwaka huu ilianza na neema. Mvua ilinyesha hata kwenye yale mashamba ambayo huwa inayaruka. Ndengu zikakubali kila mahali, Nuu zikajaa, Tulia zikajaa, watu wakatoa vitanda nje ili magunia yapate pa kulala. Wenye malori walipokuja na kuona ile milima ya ndengu, wakataja bei ya kumtusi mtu. Watu wakakasirika. Hatuuzi, tunangoja ipande! Lakini karo ya shule haijui kungoja, kwa hivyo kila mtu akawaza, peke yake na kwa siri, auze mbuzi mmoja. Na kwa sababu kila mtu aliwaza hivyo peke yake na kwa siri, siku ya soko walikutana wote getini, kila mmoja na mbuzi wake kwa kamba, wakatazamana kama watu waliofumaniwa.

Mbuzi wakashuka bei. Hilo lenyewe si kubwa, mbuzi hushuka na mbuzi hupanda. Ubaya uliletwa na wanunuzi, kwa kuwa walianza kutumia akili. Mwenye bucha akasema, kama ameshuka wiki hii, wiki ijayo si atashuka zaidi? Akangoja. Wiki iliyofuata mbuzi akashuka kweli, kwa sababu wenye bucha hawakununua, nao wakapongezana kwa kuona mbali, wakangoja tena. Asiyeuza mbuzi hashonishi nguo, kwa hivyo fundi wa cherehani akakaa akijipepea na kitambaa cha mteja. Fundi naye asiposhona hali nyama, na mwenye bucha akashangaa wateja wamekwenda wapi.

Kwa Kanyiva mambo yalionekana kwenye sufuria. Mtu aliyeuza mbuzi hunywa chai vikombe viwili na kumnunulia rafiki chapati. Asiyeuza huomba maji, tena ya baridi. Sokoni watu walijaa, na chapati za Kanyiva zikarudi nyumbani jioni zikiwa zimenyooka na kukauka kama soli za viatu.

Redio ikasema wakubwa wa Nairobi wameshusha riba ili watu wakope. Chama cha akina mama wa kanisa, ambacho Kanyiva ndiye aliyekuwa akitunza kisanduku chake cha pesa, kikaona nacho kisibaki nyuma, kikapunguza riba nusu nzima. Hakuja mtu. Kanyiva alimfuata mama mmoja hadi kisimani kumbembeleza akope.

"Nikope nifanye nini?" yule mama akauliza. "Ninunue kuku leo, kesho nimkute kwa jirani kwa bei ya yai?"

Aliyeumia zaidi alikuwa Nasteho, mama wa Kisomali aliyeuza mbuzi karibu na kibanda cha Kanyiva. Hao wawili walikuwa wametaniana miaka na miaka. Nasteho alikuwa amekopa wakati mbuzi wana bei, akajaza zizi, na sasa zizi lilikuwa likila majani na kuyeyuka thamani.

"Mama Mutiso," alisema siku moja, akimwita Kanyiva kwa jina la mwanawe, "mbuzi imeshuka. Riba imeshuka. Hata mimi nimeshuka, angalia hii buibui inavyonipwaya. Lakini hii deni nilichukua, haijui kushuka. Iko palepale, imekaa, inaniangalia."

"Iambie mbuzi ziko na afya."

"Nimeiambia. Inataka pesa."

Wakacheka, kwa maana kucheka kulikuwa bado bure.

Lakini Kanyiva alikuwa na lake moyoni, na hilo hakulichekea. Lilikuwa na jina: Mulei wa Matiliku.

Mulei alikuwa na duka la misumari na mabati huko Matiliku, Makueni. Mwanawe Kaloki, fundi wa pampu, alikuja Nuu kutengeneza kisima, akamwona Mwongeli, mjukuu wa Kanyiva, na pampu ambayo ilihitaji siku moja ikahitaji mwezi. Watoto walishakubaliana. Kilichobaki ni ntheo. Kwa Wakamba kijana hajaoa mpaka ntheo ifike kwa kina msichana: mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja, wakiletwa kwa kamba na kukabidhiwa wazee. Hata mchungaji wa kanisa lao, pamoja na wokovu wake wote, kabla ya kutaja tarehe ya harusi huinamisha kichwa na kuuliza polepole, "Na ile ntheo imeenda?"

Haikuwa imeenda. Mulei alikuwa amepiga hesabu akaona ni ujinga kusafirisha mbuzi kutoka Makueni kuja Nuu palipojaa mbuzi, kwa hivyo atanunua papo hapo. Siku ya kwanza alikuja na kofia yake ya sherehe, akakuta mbuzi wameshuka. Akafurahi sana, akarudi kwao bila kununua. Siku ya soko iliyofuata akaja tena, wameshuka zaidi, akafurahi zaidi. Nauli aliyokuwa ameshaimaliza kati ya Matiliku na Nuu ingetosha beberu mzuri na kamba yake, lakini nauli Mulei hakuihesabu, maana haikuwa mbuzi.

Na kila alipokuja, nyumbani kwa Kanyiva walifagia uwanja, wakaazima viti vya kanisa, wakaosha vikombe vya wageni. Jioni viti vikarudishwa vikiwa safi.

Mwongeli alikuwa akifanya kazi katika duka la dawa za mifugo huko Mwingi na alikuja nyumbani mwisho wa wiki. Mara ya mwisho alipokuja hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akamtazama bibi yake akichuja chai.

"Susu," alisema, "mimi nimechoka."

"Pumzika, mtoto wangu."

"Si kuchoka ya kupumzika. Kila soko watu wananiuliza, mbuzi zako zimefika bei gani? Sasa mimi ndiyo naona nikingojewa nishuke. Hii soko inakuja, baba ya Kaloki akirudi Matiliku mikono mitupu, nitampigia Kaloki nimwambie atafute wa bei rahisi. Naapa."

Kanyiva aligonga kichujio kwenye ukingo wa sufuria kudondosha makapi. Mara mlango wa jikoni, ambao kitasa chake kilikufa zamani, ukasukumwa na pembe, na kichwa cha beberu kikaingia. Huyo alikuwa Karani. Alipewa jina hilo akiwa mdogo, alipokula kalenda ya kanisa kuanzia Januari. Alikuwa na ndevu za mwenyekiti na tamaa moja duniani: majani ya chai yaliyokwisha chemka. Akisikia kichujio kikigonga sufuria, hata akiwa kilima cha pili, alikuja mbio, akapita nyuma ya nyumba, akasukuma mlango, akatia kichwa kwenye ndoo.

"Huyu angalau anajua anachotaka," Mwongeli akasema, akafuta machozi kwa haraka ili yasionekane.

Kanyiva aliyaona. Alimpenda Kaloki, kijana aliyemwita "bibi yangu wa kwanza" na kumtengenezea redio bila kuitisha hata shilingi. Zaidi ya hayo alijua Mwongeli akiapa ameapa. Tabia hiyo aliirithi kwa bibi yake, na bibi alijuta kumrithisha.

Siku ya soko ikafika. Mulei naye akafika, na kofia yake ya sherehe, akakaa kibandani akaagiza chai isiyo na chapati.

"Muthoni wangu," Kanyiva akamwambia, akimwita mkwe kama desturi, "leo tunafunga kamba?"

"Tuone kwanza, muthoni, tuone." Mulei akapuliza chai. "Naambiwa mbuzi bado inateremka. Mtu hukimbilia nini?"

"Na duka lako linaendeleaje?"

Hapo uso wa Mulei ukabadilika. "Usiniambie! Hawa watu wa Matiliku wamekuwa wajinga, muthoni. Mtu nyumba yake haina paa, anakuja dukani, anaguza mabati, anauliza bei, anasema, nangoja ishuke. Analala chini ya nyota akingoja! Wakifanya hivyo wote, mimi nitakula misumari?"

"Wee!" Kanyiva akapiga makofi. "Mtu anaweza kuwa mjinga namna hiyo?"

"Mjinga kabisa!"

"Kwa hivyo wao wanangoja mabati yako, na wewe unangoja mbuzi wetu. Sisi tukiuza mbuzi tungekuja tununue mabati. Sasa nani ataanza, muthoni?"

Mulei akanywa kikombe chote. "Waanze wao," akasema.

Kanyiva akaona maneno hayatoshi. Akajifunga leso vizuri, akavuka kwa Nasteho.

Sasa lazima ujue jinsi wale wafanyabiashara wa kaskazini wanavyopatana bei. Hawasemi. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono, juu ya mikono hutandazwa shuka, na vidole ndivyo vinavyozungumza humo chini: kidole hiki ni kiasi fulani, ukikibana ni kiasi kingine. Watu husimama pande zote wasijue lolote, wakabaki kusoma nyuso. Na kwa sababu Nasteho hakushika mkono wa mwanamume asiye wake, kwa kawaida kazi hiyo aliifanya mpwa wake Aftin. Lakini kwa Kanyiva hakukuwa na tatizo.

"Nipe mkono," Kanyiva akasema, akatandaza leso juu.

"Unataka kununua? Wewe?" Nasteho akanong'ona. "Unanibana kidole gani hicho? Hiyo si bei ya kitu chochote."

"Sinunui. Kunja uso kama mtu anayekataa pesa nyingi."

"Kwa nini?"

"Kunja tu, mama, halafu nitakuambia."

Nasteho akakunja uso. Alikuwa na uso mzuri wa kukunja. Kanyiva akashtuka, akajitoa nyuma kidogo, mkono ukiwa bado chini ya leso. Akarudi. Akabana vidole ovyo ovyo, na mara moja akamtekenya Nasteho kiganjani, naye Nasteho kwa kuzuia kicheko akatoa mlio ambao waliokuwa karibu waliusikia kama hasira. Watu wakaanza kusogea. Mwenye bucha akasogea. Hatimaye Kanyiva akauchomoa mkono, akaweka kiganja mdomoni.

"Haki ya Mungu," akasema kwa sauti ya chini ambayo ilifika hadi getini. "Kutoka wiki iliyopita mpaka leo?"

"Imefika kiasi gani?" mwenye bucha akauliza.

"Sitaki kuongea."

"Mama Mutiso, ni kiasi gani?"

"Nimesema sitaki. Moyo wangu ni wa mtu mzee."

Ukichunguza, hakuwa amesema uongo hata mmoja. Uso wake ndio uliodanganya, na uso haujaapishwa. Alirudi kibandani akitikisa kichwa.

Mwenye bucha alikwenda kando akapiga simu. Aliyepigiwa simu akampigia mwingine, na huyo akasema lazima kuna malori ya Nairobi njiani, maana mbuzi hapandi hivi hivi. Kufikia saa nne kila mtu aliyajua yale malori, wengine hata rangi. Mwenye bucha akanunua watano kabla hawajapanda, na kwa kununua akawapandisha. Hoteli ya pale barabarani ikatuma mtu anunue. Mzee ambaye alikuwa akingoja mbuzi washuke ili amnunulie binti yake zawadi akaja akikimbia, kiatu kimoja mkononi. Kamba zikakatika, vumbi likapanda, na jambo ambalo lilianza kama uso wa bibi mmoja likawa bei ya kweli, ya kushikwa mkononi.

Na chai ikanyweka! Chapati ziliisha kabla ya saa sita. Fundi wa cherehani alipelekewa suruali mbili na akalazimika kukumbuka alikoweka sindano. Jioni ile mama mmoja alikuja kukopa kwenye kile kisanduku cha chama, na mwingine nyuma yake, kila mmoja akisema heri sasa kabla vitu havijapanda zaidi.

Mtu mmoja tu hakununua.

"Ni uvumi," Mulei alisema, akiwa amekaa palepale. "Mimi ni mfanyabiashara, muthoni. Kitu kikipanda asubuhi haraka hivyo, jioni hushuka. Nangoja."

Kanyiva akamwinamia. "Na kisiposhuka?"

"Kitashuka."

Alipoinuka mwishowe, saa tisa, soko lilikuwa tupu kama uwanja wa kanisa siku ya Jumatatu. Mbuzi walikuwa wamekwisha. Walibaki kuku wawili na mbwa wa mtu.

Mulei alizunguka uwanja wote, akatazama hata nyuma ya ukuta. Aliporudi, ile kofia ya sherehe alikuwa ameishika mkononi, na kwa mara ya kwanza Kanyiva akaona kwamba mtu huyu hakuwa mbaya, alikuwa mwoga tu.

"Muthoni, nifanye nini? Mama Kaloki ameniambia leo nikirudi mikono mitupu nilale dukani juu ya misumari. Na Kaloki hazungumzi nami tangu Jumapili."

"Kaa chini," Kanyiva akasema. "Kunywa chai. Hii si ya kulipa."

Akavuka haraka kwa Nasteho.

"Umebakisha wangapi?"

"Hakuna! Nimeuza hata yule wa kikohozi." Nasteho alikuwa akimeremeta. "Ile deni leo nimeikata mguu. Wewe mwanamke, nitakuletea maziwa ya ngamia mwezi mzima."

"Maziwa baadaye. Mtume Aftin kwangu, apitie njia ya mtoni. Achukue majike wawili na Karani, awalete hapa kama ni wako."

Nasteho akamtazama sana. "Ngoja nielewe. Unamuuzia mbuzi zako yule mzee, ndiyo akuletee hizo hizo mbuzi nyumbani kwako?"

"Redio imesema pesa izunguke. Mimi ninazungusha."

"Na beberu unayempenda hivyo?"

"Namkopesha tu. Ntheo italetwa Jumamosi, naye atakuwa amerudi."

"Wallahi, wewe ukifa malaika watakuuliza maswali wawili wawili."

Aftin alifika na mbuzi. Kanyiva alikuwa amemwagiza amfunge Karani mbali na jiko la chai, na kichujio akakificha chini ya leso. Mulei, aliyeona mbuzi watatu wakitokea wakati ambapo hakuna mbuzi duniani, aliwaendea kama mtu aliyeona jamaa yake stendi. Mkono wake ukaingia chini ya shuka la Aftin. Ulipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetafuna ndengu mbichi. Bei aliyolipa ingemnunulia zizi zima wiki iliyopita. Lakini alilipa, akaacha mbuzi kwa Nasteho mpaka Jumamosi atakaporudi na wazee wake, akaenda stendi akipiga mluzi.

Pesa zilipomfikia Kanyiva aliziweka kando kwa ajili ya harusi, isipokuwa kidogo cha kununua mabati mawili ya kibanda. Alimwagiza mtu amletee kutoka Matiliku.

Kilichobaki ni nyumbani. Mutiso, baba ya Mwongeli, hakuwa tatizo. Alikuwa dereva wa lori za masafa, alijua kila kituo cha mafuta hadi mpakani na hakujua mbuzi wa mama yake hata mmoja kwa sura. Lakini Mwongeli alifika Ijumaa, akakuta zizi lina pengo.

"Susu, Karani yuko wapi?"

Kanyiva hakuwa amejitayarisha, na uongo usiotayarishwa hutoka mkubwa kupita kiasi. "Fisi," akasema.

"Fisi? Na wale wawili?"

"Walikuwa fisi wengi." Akajifuta macho na ncha ya leso. "Nilisikia vilio vyao, mtoto wangu. Sikuweza kutoka."

Mwongeli alilia kweli. Majirani wakaja kumpa pole bibi, mmoja akaleta sukari. Na mzee Kiilu, jirani wa karibu na msemaji wa ukoo katika mambo ya ntheo, akachukua panga na tochi, akatembea vichaka vya mtoni tangu mchana hadi jioni akimtafuta fisi huyo, kwa magoti yake yale mabovu. Kanyiva alimtazama akienda, na moyo ukamuuma kidogo, halafu akakumbuka kwamba daktari alimshauri Kiilu atembee.

Jumamosi viti vya kanisa viliazimwa tena. Mulei aliwasili na wazee wake wawili kutoka Matiliku na Kaloki aliyevaa shati jeupe, wakaongoza mbuzi watatu waliokuwa wameoshwa wakang'aa hata jirani asiwatambue. Mwongeli alikaa ndani ya nyumba kama desturi, mpaka aitwe. Kanyiva alichagua kukaa mbali na jikoni, akamwachia shemeji yake upishi wa chai. Hapo ndipo alipokosea, kwa kuwa alisahau kumwambia lolote kuhusu kichujio.

Mulei akasimama. Umati ulikuwa mkubwa, watu walikuwa wakimtazama, na mtu akitazamwa sana huongeza chumvi.

"Wazee," akasema, "watu wamesema mengi. Eti Mulei anangoja bei. Mimi! Mimi nikitoa ntheo siendi sokoni kama mtu wa mtaani. Mbuzi hawa wametoka katika zizi langu mwenyewe, Matiliku. Nimewalisha kwa mkono huu. Huyu beberu namjua tangu alipozaliwa, na alizaliwa usiku wa mvua."

"Aaa," wazee wakasema kwa heshima.

Kanyiva akatazama chini, akijizuia asicheke. Kaloki naye alitazama baba yake kwa mshangao, kwa maana Matiliku hawakuwa na zizi.

"Umekubaliwa," Kiilu akasema. "Mutiso, pokea kamba."

Mutiso akainuka, akapokea kamba tatu mkononi. Kamba zikishapokelewa ntheo imepokelewa, haina kurudi nyuma. Akina mama wakapiga vigelegele. Kule dirishani Kanyiva akauona uso wa Mwongeli ukicheka, akajua lile aliloapia limekufa na kuzikwa, akavuta pumzi iliyojaa kifua chote.

Ndani ya jikoni shemeji aliinua sufuria, akachuja, akagonga kichujio ukingoni. Ko, ko, ko.

Karani alinyanyua kichwa. Kamba ilimponyoka Mutiso kabla hajajua ni mkono gani uliishika. Beberu akapita katikati ya wazee, akaruka mguu wa Mulei, na wala hakwenda mlango wa mbele kama mgeni. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwa ile njia nyembamba ambayo hata wajukuu huisahau. Wakasikia mlango wenye kitasa kibovu ukisukumwa, wakasikia ndoo ikigongwa, halafu ule utafunaji wa polepole wa mtu aliyefika kwake.

Wazee wote wakageuza vichwa kuelekea jikoni.

"Mulei," Kiilu akasema taratibu, "huyu ndiye aliyezaliwa Matiliku usiku wa mvua?"

"Ndiye," Mulei akajibu, akivua kofia.

"Na mlango wa nyuma wa jikoni hii aliujulia Matiliku?"

Mulei akawatazama wazee wake, nao wakatazama miti. "Nilimnunua," akasema kwa sauti ndogo. "Sokoni hapa. Tena ghali! Muulizeni muthoni, alikuwepo!"

Kanyiva aliona hatari ikimjia, akawahi. "Mbuzi wote hupenda chai," akasema kwa uchangamfu. "Siku hizi wako hivyo. Hasa hawa wa soko, wanazoea vibandani. Akina mama, leteni chapati, wageni wana njaa!"

Na angepona. Kiilu alikuwa ameshaanza kutabasamu, chapati zilikuwa zimeshainuliwa. Lakini Mwongeli, aliyekuwa ndani kama desturi, alikuwa amefungua mlango wa jikoni kuona ni nini kinachogonga ndoo, na sauti yake ya furaha ikasikika uwanja mzima.

"Susu! Susu, njoo uone! Karani hakuliwa na fisi!"

Mzee Kiilu akashika magoti yake mawili, yale yaliyomtafuta fisi mtoni jana, akainuka polepole kutoka kwenye kiti cha kanisa, akamgeukia Kanyiva.